Kupima mionzi msituni: helikopta, gari, kifaa cha mkononi au udongo wa maabara?

Wapeleke watu wanne kwenye kilima kimoja cha mierezi kijijini Iitate, mkoani Fukushima, Japani. Wa kwanza apite juu kwa helikopta. Wa pili azunguke kwa gari kwenye barabara ya lami iliyo chini ya kilima. Wa tatu apande kwa miguu, kifaa mkononi. Wa nne achimbe udongo aupeleke maabara. Jioni wakikutana, kila mmoja atakuwa na namba yake, namba zitapishana, na hakuna atakayekuwa amesema uongo.

Ndiyo maana swali la "kifaa kipi ni bora" halina jibu likiulizwa hivyo. Kila njia ina msitu wake inaouona. Unataka kujua mkata miti atapata dozi kiasi gani akishinda humo wiki nzima? Au kama magogo yanaweza kuuzwa? Au kama uyoga unalika? Au unachora ramani ya wilaya nzima? Hayo ni maswali manne, na anayenunua kifaa kabla ya kuchagua swali atajuta.

Nitaegemea zaidi Fukushima, kwa sababu huko njia zote hizi zimetumika katika misitu ileile kwa miaka mingi. Chernobyl, kituo cha nyuklia cha Ukraine kilicholipuka mwaka 1986, nitaigusa pale inapobadilisha uamuzi, na kuna mahali inaubadilisha kweli.

Kwanza, sesiamu imejificha wapi

Ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi ilianza tarehe 11 Machi 2011, baada ya tetemeko na tsunami. Milima ya kaskazini-magharibi ilichafuka zaidi tarehe 15: wingu la mionzi lilipita juu ya Namie na Iitate, mvua na theluji zikaliteremsha. Iodini-131, ambayo hupungua nusu kila siku 8, ilitoweka katika miezi michache. Zikabaki aina mbili za sesiamu, metali yenye mionzi: 134 na 137, zilizoanguka kwa viwango vilivyokaribiana sana.

Mwezi Machi miti inayopukutisha majani ilikuwa mitupu, kwa hiyo mzigo mwingi ulipita moja kwa moja hadi chini. Mierezi, ambayo Wajapani huiita sugi, ilikuwa na majani yake yote, ikaidaka sesiamu huko juu. Hivyo mwaka 2011 msitu wa mierezi ulikuwa na chanzo cha mionzi juu ya kichwa chako na kingine chini ya miguu. Miaka iliyofuata mvua ilisuuza, majani yakaanguka yakaoza, na sasa sehemu kubwa mno ya sesiamu iko kwenye udongo, hasa sentimita 5 za juu. Imeng'ang'ania chembe za mfinyanzi na haishuki haraka.

Kuna hesabu moja ya kuiweka akilini kabla ya kugusa kifaa chochote. Sesiamu-134 hupungua nusu kila baada ya miaka 2 hivi, na 137 kila miaka 30. Mwanzoni ile ya miaka 2 ndiyo iliyotoa karibu robo tatu ya dozi ya nje. Kwa hiyo hata asiyefanya lolote angeona dozi imeshuka hadi nusu baada ya miaka 3 na hadi robo baada ya miaka 10. Baada ya hapo kasi inapotea, kwa sababu iliyobaki ni ya miaka 30. Mtu akikuonyesha kipimo cha 2012 na cha juzi akasema msitu "umejisafisha", mwulize kwanza kama ameitoa hesabu hiyo. Mara nyingi hakubaki na la kujivunia: katika misitu, dozi imekuwa ikishuka kwa mwendo unaokaribia huo wa kawaida, wakati mijini na barabarani imeshuka haraka zaidi.

Na msitu ndio eneo lenyewe. Asilimia 70 hivi ya mkoa wa Fukushima ni misitu, na serikali ya Japani ilipoamua kusafisha, ilisafisha nyumba, mashamba, shule na ukanda wa mita 20 wa msitu ulio jirani na makazi. Kwingineko kukaachwa. Vituo vya kupimia vilivyosimikwa mkoani, ambavyo ni maelfu, viko kwenye viwanja vya shule, bustani na ofisi za umma. Kwa anayeingia msituni kuokota uyoga havimsaidii.

Kifaa cha mkononi: mrija wa Geiger au fuwele?

Hapa ndipo watu wengi huanzia, na ndipo pesa nyingi hupotelea.

Mrija wa Geiger ni rahisi, mwepesi, na unanunulika mtandaoni. Shida yake ya kwanza ni uchache wa mipigo, yaani idadi ya miale inayoinasa. Kifaa kidogo chenye mrija wa Kisovieti uitwao SBM-20 hutoa mipigo kama 20 kwa dakika mahali penye mionzi ya asili tu. Mipigo ya mionzi huja kibahati, kwa hiyo ukihesabu 20, kosa lake la kawaida ni kama 4 au 5 kila upande. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya tano. Dakika hii kifaa kitasema mikrosievert 0.09 kwa saa (mikrosievert ni kipimo cha dozi), dakika ijayo 0.14, na wewe hujasogea hata hatua moja. Nimewaona watu wakipigiana simu kwa hofu juu ya tofauti kama hiyo.

Mrija bapa mpana una nafuu kubwa. Kikundi cha kiraia cha Safecast, kilichoanzishwa baada ya ajali ya 2011, kilijenga kifaa chake kiitwacho bGeigie juu ya mrija wa aina hiyo, ambao hutoa mipigo 334 kwa dakika kwa kila mikrosievert 1 kwa saa ya sesiamu-137. Kifaa kinajirekodi chenyewe kila baada ya sekunde 5 pamoja na mahali kilipo kwa GPS, na data zake ziko wazi kwa kila mtu. Kwa kuchora ramani ya raia kwa gharama ndogo, sijaona kinachokizidi. Lakini mrija bapa unasikia pia miale ya beta, ambayo haipenyi mbali kama ile ya gama. Ukiuweka wazi karibu na majani makavu yenye sesiamu, utahesabu beta pamoja na gama, kisha kifaa kitaitafsiri jumla yote kama dozi. Namba itapanda kuliko inavyostahili. Kwenye gari au mkononi kwa urefu wa kiuno si tatizo kubwa. Ukiinama nacho mpaka ardhini ni tatizo.

Kifaa cha fuwele hufanya kazi kwa namna nyingine. Ndani yake mna fuwele, kwa kawaida ya iodidi ya sodiamu au ya sesiamu (isiyo na mionzi), ambayo humeta kila ikipigwa na mwale wa gama, na mmeto huo hugeuzwa kuwa umeme. Huhesabu mipigo mingi zaidi kuliko mrija mdogo wa Geiger, na mwangaza wa mmeto unaeleza nguvu ya mwale. Kile ambacho maofisa wa miji ya Fukushima walikibeba kila mahali, TCS-172 ya Hitachi-Aloka, ni cha aina hii: sanduku lenye mshiko na fimbo ya kupimia, fuwele ya inchi moja ndani yake. Bei ni laki kadhaa za yeni. Ni ghali, lakini ndicho ningekinunua.

Namna ya kukitumia ndiyo inayotofautisha kipimo na kubahatisha. Fimbo huvishwa mfuko mwembamba wa plastiki, ili vumbi lenye sesiamu likigusa, utupwe mfuko na fimbo ibaki safi. Mpimaji husimama, fimbo ikiwa mbali kidogo na mwili, maana mwili wenyewe ni ngao, na urefu ni mita 1 kutoka ardhini. Halafu anasubiri. Kifaa kina kitufe cha muda wa kutulia, kwa mfano sekunde 10 au 30. Ukichagua 30, ngoja mara tatu yake, yaani dakika moja na nusu, ndipo usome. Usome mara tano, uchukue wastani. Anayetembea huku anasoma skrini na kutangaza namba ya juu kabisa aliyoiona anafanya maigizo.

Kwa urefu wa mita 1 juu ya ardhi iliyochafuka sawasawa, mionzi inayofika kwenye kifaa hutoka kwenye mduara wa makumi ya mita, siyo chini ya miguu peke yake. Huo ndio ubora wake na ndio udhaifu wake. Inafaa sana kujua dozi ya mtu aliyesimama hapo. Haifai kukuambia ni jiwe lipi au kisiki kipi ndicho kibaya. Ukitaka hilo, shusha kifaa hadi sentimita 1 na ulinganishe na kile cha mita 1. Chini ya mashina, ambako maji ya mvua huteremka yakifuata gome, na kwenye vibonde ambako majani hujikusanya, tofauti hujitokeza.

Namba 0.23, yaani mikrosievert kwa saa, utaisikia mara nyingi. Ndiyo iliyotumika Japani kama kizingiti cha kusafisha maeneo, na ilitoka wapi si siri: lengo ni milisievert 1 (mikrosievert 1,000) ya ziada kwa mwaka, mtu anadhaniwa kukaa nje saa 8, na ndani saa 16 katika nyumba ya mbao inayopitisha asilimia 40 ya mionzi. Inapatikana 0.19 kwa saa, ukiongeza 0.04 ya asili ya ardhini unapata 0.23. Ona basi kwamba dhana hiyo ni ya mtu mwenye nyumba. Mkata miti ana saa zake, na hana kuta.

Kutembea na kifaa mgongoni, au kuendesha?

Chuo Kikuu cha Kyoto kilitengeneza mfumo uitwao KURAMA, na baadaye KURAMA-II: sanduku dogo lenye fuwele ya iodidi ya sesiamu, GPS na kompyuta, linalopeleka data kwa mtandao wa simu. Liliwekwa kwenye magari na hata kwenye mabasi ya abiria mkoani Fukushima. Dereva hana kazi ya ziada, basi linapita njia zake za kila siku, ramani inajichora. Kwa kufuatilia maeneo makubwa mwaka hadi mwaka, gari ni bei poa na lina data nyingi kuliko njia nyingine yoyote ya ardhini.

Ila gari hupita barabarani, na barabara si msitu. Lami huoshwa na mvua, matairi huikwangua, na kandokando yake palisafishwa. Sanduku likiwa ndani ya gari, bodi nayo huzuia sehemu ya mionzi na lazima irekebishwe kwa hesabu. Ramani ya barabara za milimani ikionyesha rangi ya bluu kila upande, haimaanishi kwamba miti inayoonekana dirishani nayo ni bluu. Ramani za magari zimewapotosha wasomaji wasio wataalamu zaidi ya ramani nyingine zote, na kosa si la gari. Ni la anayejaza rangi kati ya barabara mbili.

Sanduku hilohilo ukilitia kwenye begi la mgongoni na kutembea nalo, mambo hubadilika. Ndani ya saa moja ya kupanda kilima unapata mamia ya vipimo, kila kimoja na mahali pake. Unaona jinsi dozi inavyopungua ukitoka msituni kuingia shamba lililosafishwa, na jinsi ule ukanda wa mita 20 unavyoonekana kama mstari. Tahadhari ni mbili. Mgongo wako unaziba mionzi ya mbele, kwa hiyo kifaa kipimwe kwanza kikiwa begini, juu ya mtu, siyo mezani. Na GPS chini ya majani mazito huyumba mita kadhaa. Ukirudi mwaka ujao kutafuta "pointi ileile", funga utepe kwenye mti.

Kwa msitu wa ukubwa wa kijiji, begi ndilo chaguo langu la kwanza.

Helikopta na ndege nyuki

Mwaka 2011 hakuna njia nyingine ingeweza kueleza haraka ni wapi uchafuzi umefika. Wizara ya Nishati ya Marekani na wizara ya elimu na sayansi ya Japani zilirusha ndege na helikopta zenye fuwele kubwa, zikachora ule ulimi mwekundu unaoelekea kaskazini-magharibi ambao dunia nzima iliuona. Kwa swali la "eneo lote limechafuka vipi", helikopta haina mpinzani.

Lakini ikiruka mita 150 hadi 300 juu, kipimo chake kimoja ni wastani wa duara lenye upana wa mita mia kadhaa. Chukua mita 400 tu: hilo ni eneo la zaidi ya hekta 12. Ndani yake mna msitu, mpunga, paa la nyumba na kijito, vyote vimechanganywa kuwa namba moja. Halafu namba hiyo ya angani hubadilishwa iwe dozi ya mita 1 kutoka ardhini, kwa kudhani kwamba chini ni tambarare. Kilima cha Iitate si tambarare. Mteremko hukaribia helikopta upande mmoja na kuikimbia upande mwingine, na miti huziba sehemu ya mionzi inayotoka udongoni. Mwaka wa kwanza, sesiamu ikiwa bado vileleni, chanzo chenyewe kilikuwa karibu na helikopta kuliko hesabu ilivyodhani. Kwa hiyo usilinganishe pikseli moja ya ramani ya helikopta na kipimo chako cha mkononi kisha ukaandika kwamba serikali inaficha. Linganisha wastani wa vipimo vyako vingi na wa eneo hilo lote, hapo ndipo mabishano yana maana.

Ndege nyuki hushuka chini zaidi na kuona vizuri zaidi. Shirika la Nishati ya Atomiki la Japani lilitumia helikopta zisizo na rubani karibu na kituo, ambako hakuna aliyetaka kumpeleka mtu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walirusha ndege zisizo na rubani juu ya Msitu Mwekundu wa Chernobyl, ile misonobari iliyogeuka rangi ya kutu na kufa baada ya 26 Aprili 1986. Panapokuwa na dozi kubwa, mteremko mkali au mabomu ya zamani, ndege nyuki ndiyo ya kuchagua. Kwingine betri yake ndogo, mzigo mdogo wa fuwele na vibali vya kurusha hufanya begi la mgongoni lishinde kirahisi.

Udongo: kazi ngumu, jibu la uhakika

Vifaa vyote vya juu hupima mionzi inayofika mahali fulani. Havikuambii sesiamu ni kiasi gani. Kwa hilo lazima uchimbe.

Juni na Julai 2011 Japani ilikusanya udongo kwenye maeneo yapatayo 2,200, sampuli zapata 11,000, sentimita 5 za juu. Vyuo vikuu vingi vilishirikiana, kila sampuli ikawekwa kwenye kopo dogo la plastiki na kupimwa kwa kigunduzi cha jerimani kilichopozwa, kwa kawaida kwa naitrojeni ya maji ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Jerimani hutenganisha miale kwa nguvu zake: kilele cha keV 662 (keV ni kipimo cha nguvu ya mwale) ni sesiamu-137, vya 605 na 796 ni 134, cha 1,461 ni potasiamu ya asili iliyomo hata kwenye ndizi. Hakuna kubahatisha.

Utenganishaji huo una thamani nje ya Japani pia. Mlima Mrima, Kwale, pwani ya Kenya, una msitu juu ya ardhi yenye thoriamu nyingi, metali ya asili yenye mionzi. Peleka kifaa cha Geiger huko kitapiga kelele kama vile pametokea ajali. Kigunduzi kinachosoma nguvu ya miale kingeona mara moja kwamba ni thoriamu na vizazi vyake, yaani elementi inazogeuka kuwa.

Sasa nionyeshe mtego mmoja kwa karibu, kwa sababu nimeuona ukinasa hata waandishi makini. Una bomba la chuma la kipenyo cha sentimita 5. Kwanza unakusanya majani makavu ya juu ya ardhi peke yake. Kisha unapiga bomba kwa nyundo ya mpira hadi sentimita 5, unalichomoa, unasukuma udongo kwenye mfuko. Maabara inarudisha majibu: majani, becquerel 10,000 kwa kilo, udongo, becquerel 10,000 kwa kilo (becquerel 1 ni atomi moja inayovunjika kila sekunde). Utasema viko sawa. Havipo sawa hata kidogo. Majani makavu ni mepesi: tuseme kilo 1 kwa kila mita ya mraba, hivyo yana becquerel 10,000 kwa mita ya mraba. Udongo wa bomba, ukikaushwa, una uzito wa gramu 50 hivi, na mdomo wa bomba ni sentimita za mraba 20. Piga hesabu: becquerel 500 kwenye sentimita za mraba 20 ni becquerel 250,000 kwa mita ya mraba. Mara 25. Aliyeandika kichwa cha habari kwa namba ya kilo peke yake ameandika nusu ya habari, na mwenye mpango wa kufagia majani akidhani ameondoa nusu ya uchafu atakuwa ameondoa kidogo sana. Mwaka wa kwanza au wa pili kufagia kulikuwa na maana kubwa zaidi, mzigo ukiwa bado kwenye majani.

Udhaifu wa udongo ni kwamba unaona sentimita 20 za mraba. Bomba la pili, hatua mbili pembeni, laweza kutoa nusu au mara mbili. Sampuli moja si sampuli. Watafiti huchukua kadhaa katika kiwanja kimoja, huzichanganya au huzipima mojamoja wakitafuta mtawanyiko, na huo mtawanyiko nao ni matokeo. Chernobyl inaongeza tatizo lake: pale zilianguka pia chembe za fueli yenyewe, na chembe moja ikiingia kwenye bomba lako au kulikosa, jibu linabadilika kabisa.

Chernobyl ina jambo jingine linalobadilisha chaguo. Karibu na kituo kuna stronti-90 nyingi, metali nyingine yenye mionzi, ambayo hutoa beta tu. Helikopta haiioni. KURAMA haiioni. Jerimani haiioni. Inabidi maabara iitenge kwa kemikali, kisha kwa kawaida isubiri wiki mbili hivi mpaka itriamu inayozaliwa nayo ikomae, ndipo ihesabiwe. Fukushima stronti ilikuwa kidogo mno ukilinganisha na sesiamu, kwa hiyo mpimaji wa huko anaweza kutegemea gama. Anayehamisha mazoea ya Fukushima kwenda msitu wa Ukraine bila kufikiria stronti atapima vizuri kabisa kitu kimoja na kuacha kingine.

Nani achague nini

Mfanyakazi wa msituni hahitaji ramani nzuri. Anahitaji kipimo cha dozi anachokivaa kifuani. Namba yake huwa ndogo kuliko ile ya kifaa cha mkononi mahali palepale, kwa kawaida theluthi mbili au pungufu kidogo, kwa sababu mwili unakikinga na kwa sababu kifaa cha mkononi kimerekebishwa makusudi kisionyeshe dozi ndogo kuliko ilivyo. Watu hugombana hapo bure. Japani, kazi katika maeneo yaliyochafuka yanayozidi mikrosievert 2.5 kwa saa huanzisha wajibu wa mwajiri kurekodi dozi za wafanyakazi, na ili kujua kama mpaka huo umevukwa, kifaa cha fuwele cha mkononi kinatosha.

Mwenye miti ya kuuza yuko katikati. Mkoa wa Fukushima uliweka mwongozo wa hatua mbili: msitu wenye mikrosievert 0.50 kwa saa au chini yake, magogo yatoke. Ukizidi, gome lipimwe maabara, na lisizidi becquerel 6,400 kwa kilo. Nauona mwongozo huu kama mfano mzuri wa kutumia kifaa cha bei nafuu kuchuja na maabara kuamua. Kuni zina kikomo chake cha kitaifa, becquerel 40 kwa kilo, na mkaa 280, na hapo hakuna njia ya mkato: pima kuni zenyewe.

Kikundi cha kiraia chenye fedha kidogo: nunueni bGeigie moja au mbili kwa ajili ya ramani, mwombeni mwenye kifaa cha fuwele awasaidie kulinganisha mara moja kwa mwaka, na fedha iliyobaki ilipie sampuli tano za udongo badala ya kifaa cha tatu. Mpime siku kavu. Udongo uliolowa huziba mionzi, theluji huziba zaidi, na mvua ikianza kunyesha huteremsha vizazi vya radoni, gesi ya asili yenye mionzi, na kupandisha namba kwa saa moja au mbili. Vipimo vya Januari kwenye theluji vikiwekwa kando ya vya Agosti havifai kulinganishwa.

Mwokota uyoga ndiye anayekosea mara nyingi zaidi, na namwelewa. Anasogeza Geiger juu ya kikapu, namba haibadiliki, anafurahi. Kikomo cha chakula Japani tangu Aprili 2012 ni becquerel 100 kwa kilo. Kilo moja ya uyoga iliyofikia kikomo hicho, hata ukiweka kifaa sentimita 10 tu kutoka kwake, huongeza kama sehemu moja ya elfu ya mikrosievert kwa saa. Hakuna kifaa cha mkononi kitakachoiona hiyo, kikiwa kimezungukwa na msitu unaotoa mamia ya mara zaidi. Uyoga wa porini, machipukizi ya mti wa koshiabura na nyama ya nguruwe pori ni vitu vinavyopimwa vikiwa vimekatwakatwa ndani ya kopo, kopo ndani ya kasha la madini ya risasi, kwa nusu saa au zaidi. Miji mingi ya Fukushima iliweka mashine hizo ambapo mkazi huleta kikapu chake. Kuna zilizotaka kilo nzima ya chakula kisagwe, na kilichosagwa hakirudi mezani hata kama majibu ni mazuri.